Injini ya Mbio ya Bei Poa Huanzia Kwenye Sheria, Sio Gereji

Leo nataka kuwakasirisha watu wa turbo kidogo. Msimamo wangu ni huu: fundi peke yake hawezi kukupa injini ya mbio ya bei nafuu. Anaweza kukujengea Jumatatu, sawa, lakini kufikia Jumamosi kutakuwa na mtu mwenye doo zaidi aliyejenga inayoishinda. Ndio ubaki kwenye mchezo, lazima uongeze pesa. Yeye pia ataongeza. Mkifika mwisho wa msimu mmebaki magari matano uwanjani, na wengine wote wako kwa ua wakiangalia.

Kwa hivyo swali la "nitajengaje injini ya bei poa na isiyoniangusha?" lina majibu mawili. Kuna jibu la spana, na kuna jibu la kitabu cha sheria. Mahali pazuri pa kuyaona yote mawili ni Marekani, kwenye mbio za viwanja vya udongo, juu hao wasee wamepigana na hili swali kwa miaka mia moja.

Kwa wenye hawajawahi kuona hizo mbio: ni uwanja wa umbo la yai, mara nyingi nusu maili au chini ya hapo, udongo umemwagiwa maji na kushindiliwa. Magari yanakata kona za kushoto pekee, nyuma ikiteleza nje, vumbi na matope vikirushwa hadi kwa mashabiki. Majimbo kama Iowa, Ohio na Pennsylvania yamejaa viwanja hivi kwenye miji midogo. Wengi wanaokimbia ni wakulima, mafundi na madereva wa lori. Jumamosi usiku ni mashujaa, Jumatatu asubuhi wanaripoti kazini. Mtu kama huyo akinoki injini, ni bajeti ya nyumba imenoki.

Zama za jalala

Injini ya kwanza ya mbio ya mtu wa kawaida ilitoka kwa gari ya mtu wa kawaida. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, na zaidi ya milioni 15 ziliuzwa. Ukiwa na gari milioni 15 barabarani, spea zake ziko kila mahali, hadi kwa zizi la ng'ombe. Watu wakaanza kuuza vifaa vya kuipa nguvu. Walioongoza kwa hiyo biashara ni ndugu wa familia ya Chevrolet. Ndio, Chevrolet wale wale. Louis Chevrolet alikuwa ameshaondoka kwenye kampuni yenye jina lake, na yeye na ndugu zake wakawa wanauza silinda hedi za Frontenac za kufunga juu ya injini ya Ford. Mwaka 1923, gari lenye injini hiyo ya Ford iliyofanyiwa kazi lilimaliza la tano kwenye Indianapolis 500, likiendeshwa na L. L. Corum, mbele ya magari yaliyoundwa rasmi kwa mbio.

Halafu 1932 Ford wakatoa V8 yao. Ilikuwa lita 3.6, hospawa 65, na bloki yake ilimwagwa kwa kipande kimoja. V8 zilikuwepo kabla, lakini zilikuwa za matajiri. Hii ilikuwa V8 ya mwalimu na muuza maziwa. Ilikuwa na ugonjwa wake: valvu zilikaa ndani ya bloki, na moshi wa moto ulipitia katikati ya chuma kabla ya kutoka, kwa hivyo injini ilipenda kuchemka. Lakini ilikuwa nyingi. Vita vya Pili vilipoisha na vijana wakarudi nyumbani, majalala ya magari yalikuwa yamejaa hizi Ford kuukuu. Unanunua moja kwa pesa kidogo, unang'oa vioo na viti, unafunga nyuma mnyororo badala ya mlango, twende kazi.

Somo la kwanza liko hapo. Bei nafuu ilitokana na wingi. Injini ya mtu maskini ni ile ambayo jirani yake pia anayo, juu siku ikikufa, spea iko umbali wa kutembea. Ndio maana hapa kwetu hakuna mtu anayeogopa kununua Probox. Injini yake ya 1NZ iko pia kwa Vitz, iko kwa Fielder, na kila fundi ameshaifungua akiwa amefumba macho.

Gari lililoshinda likanyang'anywa

Shida ni kwamba wingi peke yake hautoshi. Mbio zikishakuwa na pesa, ujanja unaingia.

Tarehe 19 Juni 1949, NASCAR, ambayo wakati huo ilikuwa changa, iliandaa mbio zake za kwanza za magari ya kawaida huko Charlotte, kwenye uwanja wa udongo. Sheria ilikuwa nyepesi kuelewa: leta gari vile lilivyotoka kiwandani. Glenn Dunaway alivuka mstari wa kwanza akiwa na Ford ya 1947. Wakaguzi wakainama chini ya gari wakakuta springi za nyuma zimebadilishwa, mtindo wa wasafirishaji wa pombe haramu, ambao walihitaji gari libebe mzigo mzito na bado likate kona likikimbizwa na polisi. Dunaway akanyang'anywa ushindi, ukaenda kwa Jim Roper aliyekuwa na Lincoln. Mwenye ile Ford akaenda kortini. Akashindwa.

Watu husimulia hii story kama kichekesho cha walanguzi wa pombe. Mimi naiona tofauti. Korti ilipokataa ile kesi, wenye mbio walipata uwezo wa kusema: hapa uwanjani, ubunifu wako una mpaka, na mpaka tunauweka sisi. Bila huo uwezo, hakuna daraja la magari ya bei nafuu linaloweza kuishi, hata msimu mmoja.

Injini iliyobadilisha kila kitu

Mwaka wa modeli wa 1955, Chevrolet walileta V8 mpya chini ya mhandisi Ed Cole. Ilikuwa inchi 265 za ujazo, kama lita 4.3. Valvu sasa zilikuwa juu, kwenye silinda hedi, kwa hivyo ilipumua vizuri kuliko ile ya Ford. Ilikuwa nyepesi kuliko hata injini yao wenyewe ya silinda sita. Na Cole na wenzake walibana gharama kila mahali: vijiti vya kusukuma valvu vilikuwa vya bomba, na vikono vya valvu vilipigwa kwa bati la chuma badala ya kuchongwa.

Cheki kitu kimoja. Kile kilichoifanya iwe rahisi kiwandani ndicho kilichoifanya iwe nzuri uwanjani. Vikono vyepesi vya valvu vinaruhusu injini kuzunguka kwa kasi bila valvu kuchanganyikiwa. Halafu ikaja 283 mwaka 1957, 327 mwaka 1962, na 350 mwaka 1967, ile lita 5.7 ambayo ndiyo kila mtu anaijua. Umbali kati ya silinda na silinda haukubadilika, inchi 4.4, na silinda hedi ya mwaka mmoja mara nyingi ilikaa kwenye bloki ya mwaka mwingine. Ilifungwa kwenye magari ya familia, kwenye pikapu, kwenye lori, hadi kwenye boti. Mwaka 2011 General Motors walitangaza kwamba familia hiyo ya injini imefika milioni 100.

Sasa jaribu kushindana na hiyo hesabu.

Jibu la spana

Basi tuseme uko Iowa, una 350 ya jalala na pesa ya mshahara. Unaijengaje isikuaibishe?

Kitu cha kwanza ni kuacha tamaa ya nguvu. Watu wapya hawaelewi hapa. Kwenye udongo, kinachokuzuia kwenda mbele ni tairi kushika, na uwanja ukishakauka na kuwa laini kama sakafu, hospawa za ziada zinasugua tairi bure. Dereva mwenye injini ya wastani inayovuta taratibu kutoka kwa kona anampita mwenye injini ya hasira inayozungusha magurudumu mahali pamoja.

Kitu cha pili ni mizunguko. Mzigo unaovuta fimbo ya pistoni unapanda kwa mraba wa kasi ya injini. Ukitoka mizunguko 6,000 kwa dakika ukaenda 7,000, umeongeza kasi kwa asilimia 17 hivi, lakini mzigo umepanda kwa karibu asilimia 36. Huo mzigo wote unaning'inia kwenye bolti mbili ndogo za kila fimbo. Ndio maana wazee wa hii kazi husema kama una pesa ya kifaa kimoja tu, nunua bolti nzuri za fimbo. Pistoni ikivunjika, pengine unaokoa bloki. Bolti ya fimbo ikikatika, fimbo inatoka kwa ubavu wa injini na unaanza upya kabisa.

Kitu cha tatu ni oili. Gari linakata kushoto usiku kucha, kwa hivyo oili yote inakimbilia kulia, na mdomo wa pampu unabaki ukivuta hewa. Sekunde chache za hewa zinatosha kuyeyusha beringi. Dawa yake si ghali: sampu pana yenye kuta na vimilango ndani vinavyoruhusu oili kuingia kwenye pampu na kuizuia kutoroka. Sampu ya aina hiyo inaokoa injini nyingi kuliko kifaa chochote cha kung'aa.

Yaliyobaki ni nidhamu. Bloki inakaguliwa nyufa kabla ya kutumia hata senti. Silinda zinachongwa kidogo, kawaida inchi 0.030, ambayo inageuza 350 kuwa 355. Nafasi kati ya beringi na krankshafti inapimwa kwa kifaa, haikisiwi kwa kidole. Filta ya hewa inakuwa kubwa na safi, maana vumbi likiingia ni kama umemwaga msasa kwenye silinda. Redieta inawekewa wavu mbele, juu matope yakiziba, injini inachemka kabla ya nusu ya mbio. Kabureta, madaraja mengi yanalazimisha moja ya midomo miwili, kama ile Holley 4412, na hiyo pekee inakataza ujinga mwingi.

Umeona hiyo sentensi ya mwisho? Tumetoka kwa spana na tumerudi kwa sheria bila kutaka.

Niuzie injini yako

Mwaka 1979, huko Vinton, Iowa, Keith Knaack wa IMCA alianzisha daraja linaloitwa Modified. IMCA ni chama cha mbio kilichokuwepo tangu 1915, na wakati huo kilihitaji kufufuliwa. Daraja lake jipya lilikuwa na sheria moja ya ajabu sana: baada ya mbio, mpinzani wako anaruhusiwa kuja na bei ndogo iliyoandikwa kwenye kitabu cha sheria, na kuichukua injini yako. Hapo hapo. Ukikataa kuiuza, unaadhibiwa.

Fikiria akili iliyo ndani ya hiyo sheria. Hakuna mtu anayekuja kupima pistoni zako. Hakuna anayeuliza ulitumia pesa ngapi. Jenga unachotaka, bro. Lakini ukiweka vifaa vya bei ya nyumba ndani ya injini ambayo mtu anaweza kuibeba kwa bei ya pikipiki, utakuwa mjinga mara moja tu. Kila mtu anajikuta anajenga injini ambayo hataililia ikienda. Pesa ya tajiri inakosa mahali pa kuingilia, lakini kichwa cha fundi kinabaki na kazi, kwa sababu ujuzi wa kupanga vipande vya kawaida hauchukuliwi na winchi.

Najua haikuwa mbingu. Kulikuwa na kinyongo, watu walichukuliana injini kwa hasira tu, na werevu walitafuta njia za kuzunguka. Lakini Modified ilienea kutoka mji mmoja wa Iowa hadi sehemu kubwa ya nchi. Mchezo hauenei hivyo kama watu wa mshahara hawawezi kuumudu.

Injini ya kreti

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaja jibu lingine. General Motors wenyewe wakaanza kuuza injini za mbio zilizofungwa kiwandani, zinakuja ndani ya sanduku kama kreti ya soda. Maarufu ni mbili, na watu huziita kwa tarakimu za mwisho za namba ya spea: 602, ya hospawa kama 350, na 604, yenye silinda hedi za alumini na hospawa kama 400. Zote ni wajukuu wa ile V8 ya 1955. Zimefungwa kwa bolti maalum ambazo kichwa chake kinakatika ukishakaza, ili mtu akizifungua ijulikane.

Sababu yake ilikuwa ya kweli. Kwenye madaraja ya juu, hasa Late Model, injini za kujengwa bila mipaka zilikuwa zimekimbia na bei. Leo zinavuka hospawa 800, na moja inagharimu makumi ya maelfu ya dola. Viwanja vilikuwa vinakosa magari. Kreti ikaleta sehemu ndogo ya hiyo gharama, na kwa sababu haikazwi kupita kiasi, inadumu. Watu waliokuwa wamestaafu kwa lazima wakarudi.

Lakini wanadamu ni wanadamu. Haikuchukua muda, bolti feki zikaingia sokoni. Mtu anafungua injini, anaongeza anachojua, anaifunga tena na bolti bandia. Vyama vikabidi vitafute sili zao wenyewe. Yaani vita ya Charlotte ya 1949 ilirudi, safari hii kwenye kichwa cha bolti.

Mimi nasimama wapi

Wengi watakuambia kreti ndiyo ushindi wa mwisho: bei inajulikana, nguvu inajulikana, kila mtu sawa. Naheshimu hiyo hoja, na singemcheka dereva aliyenunua 602 ndio aweze kukimbia na pia kulipa shule ya watoto. Lakini ukiniuliza ni sheria gani ilikuwa na busara zaidi, nasema ile ya 1979.

Angalia kila moja inamfanyia nini fundi. Sheria ya "niuzie injini yako" inamwambia: tumia akili yako, ila usitumie pesa usizoweza kupoteza. Kijana wa miaka 17 anaweza kuanza na bloki ya jalala, akosee, aharibu beringi mbili tatu, na kufikia miaka 25 awe mtu wa kutafutwa na mtaa mzima. Injini ya sili inamwambia: usiguse. Kijana huyo huyo atajua kubadilisha plagi na kupiga simu kuagiza nyingine. Zote mbili zinashusha bei ya kuingia uwanjani, lakini moja inaacha ujuzi mtaani na nyingine inaurudisha kiwandani.

Na hili halituhusu kwa mbali. Hapa Kenya tuna autocross, mbio za vumbi na saa, ambapo tayari madaraja yanatenganishwa, kwa mfano magari ya magurudumu mawili yenye turbo na yasiyo na turbo. Hiyo ni hatua nzuri. Nchi hii pia ina kitu ambacho Iowa ya 1979 ingekitambua haraka: injini moja ya kawaida iliyojaa kila mahali, na mafundi wa jua kali wanaoijua kama kiganja chao. Kinachokosekana ni daraja linalosema wazi: injini hii tu, kabureta au kompyuta hii tu, na mtu yeyote akitaka kuinunua baada ya mbio kwa bei hii, lazima uuze.

Weka sheria hiyo na utaona vijana wa Kariobangi na Kisumu wakipanga foleni na magari ya kaka zao. Iache nje, na vumbi litabaki kuwa la wenye nacho, hata kama injini tunazo mitaani tele.

Sasa niambieni: kama mngeandika sheria moja tu ya daraja la mbio la bei poa hapa kwetu, mngechagua injini gani, na mngeweka bei gani ya kuichukua?